Nigeria: sheria inasema miaka 14, wao wakajiita «14»

Januari 2014, raisi wa Nigeria wa wakati ule, Goodluck Jonathan, alitia sahihi ku sheria kali. Wanaume wawili wakioana, ao wanamuke wawili, ni miaka 14 ya gereza. Kuwa ndani ya kikundi chao tu, ni miaka 10.

Sasa hadithi ya mapendo ya vijana wawili wanaume, nani ataichapisha? Mwenye imprimeri naye ana watoto.

Ndipo kikundi cha wandishi na wasanii kikapita njia ya intaneti. Wakajiita 14, hesabu ile ile ya kifungo. Januari 2017 wakatoa kitabu chao cha kwanza, We Are Flowers, kupitia gazeti la ku intaneti Brittle Paper. Ni bure: ukiwa na mega, unaiingiza ku telefone. Hakuna mzigo wa vitabu wa kukamatwa njiani.

Lakini intaneti hailindi mtu mwenye jina. Romeo Oriogun, mtunga mashairi, aliandika mambo hayo kwa jina lake. Mwaka ule ule wa 2017 alipata zawadi ya Brunel ya mashairi ya Afrika. Alipata na vitisho. Kisha akahamia Marekani.

Hapa Kongo hatuna sheria kama hiyo. Katiba, kifungu cha 40, inazungumuzia ndoa na mtu wa jinsia tofauti, basi. Ila kwetu telefone moja ni ya nyumba nzima, na kaka anaifungua wakati anataka.