Kulindana: Mafunzo ya Mrima na Mapatano ya Kusini

Neno "kulindana" lina uzito kuliko "kulinda". Alindaye huangalia chake. Walindanao kila mmoja huangalia cha mwenziwe. Tofauti hiyo ya silabi moja ndiyo shina la mapatano yote ya ulinzi baina ya nchi na nchi, na habari za Mrima zaonyesha hasara ya kuikosa.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuipinga Kampuni ya Wajerumani. Abushiri bin Salim aliongoza vita Pangani na Bagamoyo. Bwana Heri alishika Saadani, kaskazini ya Makurunge. Ushujaa haukupungua, lakini kila mji ulikuwa na mkuu wake na ngome yake. Wissmann aliiendea mmoja mmoja: boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa Mei 1889, Saadani ikatwaliwa Juni, na Pangani Julai. Kilwa ikafuata mwaka 1890.

Agosti 2003, mjini Dar es Salaam, nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitia sahihi mapatano ya kulindana. Humo imeandikwa kwamba shambulio la silaha juu ya nchi moja ni tishio kwa amani ya eneo zima, nalo lijibiwe mara moja kwa pamoja. Hata hivyo kila nchi hushiriki kwa namna iionayo yafaa, na kwa kawaida msaada hauingii ila kwa ombi au ridhaa ya mwenye nchi.

Ugumu wa jambo hili ulionekana Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Oktoba 2020 walivuka mpaka wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Majeshi ya Jumuiya yalifika Julai 2021, baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi mwaka huo, yakaondoka mwaka 2024. Karibu miaka minne ilikuwa imekwisha pita, na watu kwa maelfu wamekwisha hama makwao.

Basi maneno ya mapatano hayakupungua; kilichopungua ni wepesi wa kuyatimiza. Ridhaa ni haki ya kila dola, lakini adui avukaye mto haombi ruhusa. Ni heri nchi jirani zipatane mapema, kabla ya vita, nani ataomba msaada, nani ataupeleka, na kwa muda gani.