Watu wa Mlima na Ghuba ya Ungwana

Wazee wa Kimeru wakiulizwa asili yao hunyoosha mkono kuelekea mashariki, kwetu pwani. Husema babu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, penye maji yanayojaa na kupwa, na kwamba huko walitawaliwa kwa dhiki na watu waliowaita Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Walipochoka na dhiki walitoroka usiku wakiongozwa na mtu aliyeitwa Koomenjoe, naye akayapiga maji kwa fimbo yake yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, na waliovuka jua limekwisha kutoka wakawa weupe. Majina ya koo hizo yangaliko hadi leo.

Msomaji aliyekaa chuoni atakumbuka papo hapo kisa cha Nabii Musa (A.S.). Vipi masimulizi hayo yalivyofanana si shabaha yetu leo. Itoshe kusema kwamba wako wanahistoria walioiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu, wakakisia kuwa safari hiyo ilikuwa kiasi cha miaka 300 iliyopita. Na njia iliyowafikisha chini ya Mlima Kenya, kwa mujibu wa masimulizi, iliandamana na Mto Tana.

Sisi wa pwani aghalabu twaijua Meru kwa miraa ya Nyambene, na Embu twaipita garini. Lakini mto ule ulio njia ya masimulizi ya Wameru ungali unateremka usiku na mchana kutoka kwao kuja kwetu, na ndio unaoilisha Ghuba ya Ungwana. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua hali ya ghuba hiyo yafaa apande mlima pia, wala asiishie Kipini.

GHUBA NA MTO WAKE

Ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za Wazungu ziliiita Formosa, imejikunja baina ya Ngomeni na Kipini. Jina lake ni la mji wa kale ambao magofu yake yalichimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Ndiyo nchi ya Fumo Liongo, na watu wa Kipini na Ozi huonyesha hadi leo mahali wanaposema ndipo alipozikwa. Basi hii ni nchi ya utungo na ya ustaarabu wetu, si pori la kupitiwa tu.

Na hata mlango wa mto pale Kipini una mkono wa binadamu ndani yake. Hapo zamani Tana ilimwaga maji yake baharini kusini zaidi. Katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili vyombo na mazao vipite. Mafuriko yakaupanua mfereji, na mto mkubwa ukahamia humo. Jembe la watu wachache likageuza mkondo wa mto wenye urefu wa kiasi cha kilomita 1,000. Hilo ni funzo la kwanza: mto mkubwa waweza kubadilishwa na kazi ndogo, kwa heri au kwa shari.

Mto huo hufanya nini ghubani? Huleta maji matamu na udongo. Maji matamu hukutana na ya chumvi, na hapo penye mchanganyiko, katika mizizi ya mikoko, ndipo kamba wachanga wanapokulia kabla ya kutoka kwenda kilindini. Ndiyo sababu ghuba hii pamoja na maji ya Malindi ni mahali mashuhuri kwa kamba kuliko pote nchini Kenya, na ndiyo sababu pia ya ugomvi wa miaka mingi baina ya wavuvi wa mitumbwi na meli za kukokota nyavu, hata meli hizo zikapigwa marufuku mwaka 2006, kisha ukaja mpango wa 2010 wa kuziwekea mipaka na misimu. Na udongo ule ndio unaoijenga delta, yenye mpunga, malisho na miembe. Delta ya Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani, eneo la hekta zipatazo 163,600.

Maji matamu yakipungua, chumvi hupanda. Wakulima wa Ozi wameyaona hayo kwa macho yao: bahari imeingia mtoni, na mashamba ya mpunga na miembe ya urithi imekauka kwa chumvi. Mvuvi naye hulalamika. Na mwaka huo huo wa 2012 ambao delta ilipata sifa ya kimataifa, Wapokomo na Waorma waliuana humo kwa ugomvi ambao ndani yake mlikuwa na malisho na maji, wakafa zaidi ya watu mia moja. Anayedhani habari za mito ni za wataalamu peke yao, na alitie akilini hilo.

MABWAWA NA NJIA ILIYOBAKI WAZI

Msomaji mwenye kujua ataniambia kwamba ufunguo wa Tana uko mikononi mwa mabwawa. Ni kweli. Kindaruma lilimalizika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, yote yakiwa katika mpaka wa nchi ya Embu na majirani zake. Mabwawa hayo yametupa umeme, hapana anayekana. Lakini bwawa huzuia udongo na hupunguza mafuriko, nayo mafuriko ya kadiri ndiyo yaliyokuwa yakiinywesha delta. Mto Rupingazi upitao Embu huingia Thiba, na Thiba huingia Kamburu. Udongo mwekundu unaomomonyoka katika shamba la kahawa huko juu huishia hapo, ukalijaza bwawa bila ya kuifaa delta. Mkulima amepoteza, mwenye bwawa amepoteza, na mtu wa Ozi hakupata kitu.

Ila iko njia moja iliyobaki wazi, na ndiyo yenye kuihusu Meru. Mito ya Mutonga na Kathita, itokayo upande wa mashariki wa mlima na kupita Meru na Tharaka, huingia Tana chini ya Kiambere. Baina ya mito hiyo na bahari hapana bwawa kubwa jingine. Hiyo ndiyo mito iletayo mpaka kwetu maji yasiyofungwa na udongo usiozuiwa. Na mpango wa kujenga bwawa la High Grand Falls, ambao umezungumzwa miaka mingi, utaziba njia hiyo nayo. Almuradi hali ya Mutonga na Kathita leo ni habari ya Kipini kama ilivyo habari ya Chogoria.

KAZI INAYOFANYWA HUKO JUU

Je, watu wa mlima wamekaa kitako? La. Mwaka 1999 uchunguzi wa ndege uliofanywa na Shirika la Wanyamapori uliuonyesha msitu wa Mlima Kenya umejaa vidonda: mikafuri na mierezi iliyokatwa kwa wizi, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Mwaka uliofuata msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa. Lakini askari peke yake hailindi miti. Sheria ya Maji ya 2002 na Sheria ya Misitu ya 2005 ndizo zilizowapa wananchi mlango wa kuingia, kwa vyama vya watumiaji maji na vyama vya misitu vya jamii.

Chama cha mto huwa hivi. Watu wanaokunywa mto mmoja, tangu wa chemchemini hadi wa kwenye makutano, hukaa pamoja, wakatoa kamati, wakaandika mpango wa mto wao. Hupima ukingo na kuweka alama mahali ambapo jembe halitapita. Hung'oa mikaratusi iliyopandwa penye maji, kwa kuwa mti huo hunywa bila ya kushiba, na mahali pake hutia miti ya asili na mianzi. Kwenye miteremko huchimba matuta na kuyashika kwa majani ya nepia, ambayo ng'ombe naye hupata sehemu yake. Siku za kiangazi hugawana zamu za kumwagilia. Mradi wa mashariki ya Mlima Kenya wa 2004 hadi 2012, kisha ule wa Tana ya Juu ulioanza 2012, yote miwili ikiwa ya serikali pamoja na mfuko wa kimataifa wa IFAD, iliwasaidia wengi wao kwa miche na fedha.

Wala fikra yenyewe haikuletwa na mradi. Karibu na Runyenjes kiko kichaka cha Mwenendega, ambako Waembu husema ndiko alikokaa baba yao wa kwanza, na miti ya hapo ilikuwa haiguswi. Kwa Wameru, baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, limesimamia tangu kale mambo ya ardhi, misitu na chemchemi, na anayevunja amri hutozwa faini ya mifugo. Itikadi zao katika vichaka hivyo si zetu. Lakini natija yake ni maji, na maji hayo twayanywa.

HARIMU YA MAJI

Sisi nasi tuna mlango wetu katika jambo hili, na tumeusahau. Vitabu vya fikihi vina mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, na ndani yake imo harimu: kisima kina harimu yake, na mto una harimu yake, yaani ukingo ambao hapana ruhusa mtu kuumiliki akawadhuru wengine. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoifuata pwani, wameipima harimu hiyo kwa haja ya manufaa ya maji yenyewe. Kanuni za maji za Kenya nazo zimeweka ukingo wa mita 6 hadi 30 kwa kadiri ya upana wa mto. Mzee wa Njuri, mwanachuoni wa Lamu na bwana wa serikali wote wamesema jambo moja kwa lugha tatu.

Na ni mashuhuri katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji katika udhu hata kwa aliye kando ya mto unaopita, na kwamba Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Waislamu wako Meru na Embu, katika mitaa ya Majengo na kwengineko. Hutuba moja ya Ijumaa juu ya harimu ya mto ingefaa huko, na moja ingefaa Kipini na Lamu.

NANI ATAMLIPA MKULIMA?

Hapa ndipo penye fundo. Mkulima wa Embu mwenye robo ekari akiambiwa asilime ukingo wa mto, anaambiwa apunguze chakula cha watoto wake. Mji wa Nairobi umelifahamu hilo. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambao wanufaika wa chini huchangia ili wakulima wa juu wahifadhi udongo, kwa sababu maji machafu ni gharama kwa mji na kwa umeme. Lakini mvuvi wa Kipini hana mfuko. Hapana anayemlipa mtu wa Mutonga kwa ajili ya kamba wa Ungwana.

Tuna mfano kwetu wenyewe kwamba jamii yaweza kulipwa kwa kulinda. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa kwa wingi katika miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda. Watafiti wa bahari wa KMFRI na wanakijiji wakairudishia kwa kupanda, na tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, huuza haki ya hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa namna hiyo, nao ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Fedha zake zimeingia katika maji ya bomba na vitabu vya skuli. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata.

Lakini Gazi ina vijito vifupi, na watu wake waweza kuitana kwa sauti. Ungwana mto wake hutoka mbali, na walio juu hawajapata kumwona kamba akivuliwa. Mamlaka ya maji ya bonde zima la Tana ina ofisi yake Embu mjini. Basi na iitishwe hapo baraza moja kila mwaka, wakae meza moja mwenyekiti wa chama cha mto wa Kathita, mzee wa Njuri Ncheke, mwenye mabwawa, mkulima wa Ozi, mfugaji wa Kiorma na nahodha wa Kipini, na kabla ya bwawa jipya kuwekewa jiwe wa chini wasikilizwe kwanza. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji nauli na subira.

Ikiwa masimulizi ya Mbwaa ni kweli, wale ni jamaa zetu waliotoroka dhuluma ya pwani. Na ikiwa si kweli, wangali ni majirani wa mto mmoja, na haki ya jirani yajulikana. Nami namaliza kwa ubeti huu:

Mto haujui kwao, huteremka na njia,
Na wa juu watekao, wa chini hutazamia,
Miti wale wakatao, pwani huleta udhia,
Walimao, wavuao, riziki yao ni moja.