Fahamu: Bosi akikupigia ukiwa na ED, sheria inasemaje?

Likizo ya ugonjwa ni nini?

Ni muda ambao mwajiriwa hafanyi kazi kwa sababu ya maradhi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku zisizopungua 126 katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari, ile karatasi ambayo wengi huiita ED.

Bosi anaruhusiwa kupiga simu?

Sheria hiyo haitaji simu wala WhatsApp. Karani wa Kigoma akiulizwa funguo za ghala la dagaa ziko wapi, au anaendeleaje, hajaonewa. Kumtaka aandae hesabu za mwezi akiwa na dripu katika Hospitali ya Maweni ni jambo jingine: hiyo ni kazi, na ni vigumu kuona siku hiyo itahesabiwaje kuwa likizo. Ufaransa ina sheria ya haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi tangu 2017. Tanzania haina.



Usumbufu ukizidi?

Jibu kwa maandishi na utunze ujumbe. Mkishindwana, mgogoro huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 ukiwa umeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine.