Upepo pungufu wala faida ya wenye pikapu Pemba

Msimu wa karafuu, pikapu zinazopeleka magunia kwenye vituo vya ZSTC hupakiwa hadi juu. Tairi lenye upepo mdogo hupinda ubavuni, hupata joto na huongeza matumizi ya mafuta. Likipasuka, faida ya safari imekwenda.

Magari madogo mapya Marekani tangu 2007, na Ulaya tangu 2014, lazima yawe na mtambo wa kumwonya dereva kwa taa. Upo unaopima upepo ndani ya tairi na kutuma habari kwa redio. Mwingine hutumia kompyuta ya breki, maana tairi lililosinyaa huzunguka haraka kuliko mengine.

Japani, yanakotoka magari mengi ya mitumba, haina sharti hilo. Asiye na taa apime kwa geji asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha mzigo kilichoandikwa mlangoni.