YOGATI YA BARAFU: TAMU YENYE FAIDA, LAKINI CHAGUA DUKA



Miezi ya Januari na Februari jua la Moshi halina huruma. Watoto wakitoka shuleni na watu wazima wakitoka sokoni, wote macho yao yanatafuta kitu kitamu cha baridi. Zamani uchaguzi haukuwa mkubwa: barafu ya rangi kwenye kijiti, au koni kwa mwenye fedha. Siku hizi kuna kitu kingine, nacho ni yogati ya barafu, yaani yogati iliyogandishwa mpaka ikaliwa kwa kijiko kama aiskrimu. Wazazi wengi huinunua bila wasiwasi wakisema, "Hii si pipi, haya ni maziwa." Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni duka lipi linalostahili fedha yetu?

Katika ukurasa huu wa afya tunaye mwenzetu mmoja ambaye chakula kwake hakijaisha mpaka aonje kitu kitamu. Huyo ndiye tuliyemweka mbele. Kwa siku tatu tulizunguka mjini, tukaonja, tukauliza maswali, na vikombe vingine tukavipeleka nyumbani kuvifanyia jaribio. Haya ndiyo tuliyojifunza.

YOGATI NI NINI HASA?

Wazee wetu walijua siri hii kabla ya friza. Maziwa yakiwekwa kwenye kibuyu, baada ya siku moja au mbili huchacha na kuganda: huo ndio mtindi. Kinachofanya kazi hiyo ni bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu na kuyagandisha maziwa.

Yogati ni ndugu wa mtindi. Tofauti ni kwamba bakteria wake wanapenda joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, na humaliza kazi yao kwa saa chache tu. Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, aliyekuwa akisoma Geneva, alieleza mmoja wa bakteria hao, na ndiyo sababu jina lake la kitaalamu linataja Bulgaria hadi leo.

Faida za yogati ni za kweli. Ina protini ya kujenga mwili na madini ya kalsiamu ya kuimarisha mifupa na meno. Tena, watu wazima wengi tumbo huwasumbua wakinywa maziwa matamu, kwa kuwa miili yao haiwezi tena kusaga vizuri ile sukari ya maziwa. Wengi wao huiweza yogati, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na walio hai husaidia kusaga iliyobaki.

Yogati ya barafu ya mashine ilianza kupata umaarufu Marekani katika miaka ya 1970, wakati kampuni ya H.P. Hood ya Massachusetts ilipoiuza kwa jina la "Frogurt". Mwaka 1981 duka la kwanza la TCBY lilifunguliwa Little Rock, Arkansas, na baada ya hapo maduka ya namna hiyo yakaenea. Watu waliikimbilia kwa sababu ina mafuta machache kuliko aiskrimu. Lakini mafuta yakipungua utamu hupungua, na mfanyabiashara hujua la kufanya: huongeza sukari. Hapo ndipo penye mtego, huko kwao na huku kwetu.

TULIYOYAONA MADUKANI

Duka la kwanza lilikuwa la kisasa, lenye vioo na viti vya rangi. Unabonyeza mkono wa mashine, yogati laini inashuka ikijizungusha kikombeni, halafu unachagua cha kunyunyizia: biskuti zilizovunjwa, chokoleti, peremende. Mwenzetu alifurahi sana. Lakini ulimi haukuona uchachu hata kidogo. Binti aliyetuhudumia alituambia bila kuficha kwamba wanatumia unga wa pakiti unaokorogwa na maji. Tulipouliza mashine inafunguliwa na kuoshwa mara ngapi, hakujua.

Duka la pili lilikuwa la mtaani. Vikombe vilikuwa ndani ya friza moja na soda na samaki. Juu ya yogati kulikuwa na chembe kubwa za barafu, na kikombe kimoja kilikuwa kimeganda upande upande, kama kilichoyeyuka kikiwa kimelala. Muuzaji alikiri: usiku uliopita umeme ulikatika mpaka alfajiri.

Duka la tatu lilikuwa kioski kidogo cha maziwa karibu na soko, pasipo hata kiti. Mama mwenye kioski hupokea maziwa asubuhi kutoka kwa akina mama wafugaji wa mlimani. Kazi hiyo ina historia nzuri katika mkoa huu: akina mama wa Nronga, Machame, walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Mama huyu alituonyesha sufuria ya kuchemshia, kipimajoto, na friza ambayo haiwekwi kitu kingine ila maziwa. Yogati yake ilikuwa na uchachu wa wazi, sukari kidogo, na vipande vya embe. Mwenzetu alikula vikombe viwili, kisha akaomba cha tatu.

JARIBIO LA VIJIKO VIWILI

Hatukutaka kuamini ulimi peke yake. Tulichemsha lita moja na nusu ya maziwa, tukaacha yapoe mpaka yakawa ya uvuguvugu, tukayagawa katika chupa tatu safi. Kila chupa tuliitilia vijiko viwili vya yogati ya duka moja, tukazifunika kwa blanketi usiku kucha.

Asubuhi chupa ya kioski ilikuwa imeganda vizuri, ina harufu safi ya mtindi. Chupa ya duka la mtaani iliganda nusunusu, ikatoa maji mengi na harufu isiyopendeza. Chupa ya duka la kisasa ilibaki maziwa matupu. Maana yake ni hii: katika kikombe cha kioski bakteria wazuri walikuwa hai, wamelala tu kwa baridi. Katika kile cha mashine tulilipia utamu wenye jina la yogati.

Jaribio hili kila mzazi anaweza kulifanya jikoni kwake. Lakini angalia: linaonyesha kama bakteria wa yogati wako hai, halionyeshi kama yogati ni salama. Kwa usalama kuna jambo lingine, nalo ni kubwa zaidi.

BARAFU HAIUI VIJIDUDU

Watu wengi hudhani kwamba kitu kilichoganda hakiwezi kuleta ugonjwa. Si kweli. Baridi huwalaza bakteria, haiwaui wote. Kama bakteria wazuri wanaamka baada ya kuyeyuka, hata wabaya wanaamka. Vijidudu vya homa ya matumbo vinaweza kuishi ndani ya barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu.

Hatari ya pili ni maziwa yasiyochemshwa. Ng'ombe au mbuzi anaweza kuonekana mzima kumbe ana ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu wanauita bruselosisi. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, na kuchachusha maziwa peke yake si kinga ya kutegemea. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Wengi hutibiwa malaria mara mbili, mara tatu, bila kupona. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Dawa zipo, lakini hutumiwa kwa wiki sita au zaidi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo ya maziwa mabichi.

Kinga yake ni moto. Viwandani maziwa hupashwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani chemsha mpaka yaumuke, ukikoroga ili moto ufike kote. Mwenye homa isiyokwisha ambaye alikunywa maziwa mabichi amweleze daktari jambo hilo bila kungoja kuulizwa.

SUKARI NAYO IHESABIWE

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa siku, na ni vizuri zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo.

Tuchukue mfano. Kikombe cha yogati cha gramu 150 kimeandikwa kwamba kila gramu 100 zina sukari gramu 14. Kikombe kizima kina gramu 21. Kama gramu 7 ni sukari ya asili ya maziwa, zinazobaki 14 zimeongezwa: vijiko vitatu na nusu. Nyunyizia biskuti na chokoleti juu yake, na mtoto amekwisha kula sukari ya kutwa nzima kabla ya chai ya jioni. Mwenye ugonjwa wa kisukari achague yogati isiyotiwa sukari, na aihesabu kama sehemu ya chakula chake.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA

1. Maziwa yamechemshwa? Muuzaji mzuri atajibu mara moja, na wengine watakuonyesha. Kama ni kikombe cha kiwandani, tafuta nembo ya ubora na tarehe ya mwisho wa kutumika.

2. Kuna uchachu? Yogati isiyo na uchachu hata kidogo ina mashaka.

3. Friza ikoje? Chembe kubwa za barafu, kikombe kilichoganda upande, au kifuniko kilichovimba ni dalili kwamba iliyeyuka ikagandishwa tena. Iache.

4. Vyombo vinaoshwaje? Angalia mdomo wa mashine, vijiko, na mikono ya anayehudumia. Ndoo moja ya maji ya kusuuzia vijiko vya wateja wote ni hatari.

5. Sukari ni kiasi gani? Omba isiyotiwa sukari, kisha ongeza tunda.

Usione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, na anayekasirika kwa swali la usafi amekwisha kukujibu.

TENGENEZA NYUMBANI

Chemsha lita moja ya maziwa. Yaache yapoe mpaka kidole safi kiweze kukaa ndani huku ukihesabu hadi kumi bila kuungua. Koroga humo vijiko vitatu vya mezani vya yogati hai isiyo na sukari. Funika, zungushia blanketi, usiitikise kwa saa sita hadi nane. Ikishaganda, iweke mahali pa baridi.

Ponda ndizi mbivu mbili au embe moja lililooshwa, changanya, weka kwenye friza. Kila nusu saa itoe, ikoroge kwa nguvu, irudishe. Ukifanya hivyo mara tatu au nne, itakuwa laini bila chembe za barafu. Asiye na friza aipoze kwa kuweka chombo kilichofunikwa ndani ya beseni la maji baridi, na iliwe siku hiyo hiyo.

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Baada ya miezi sita anaweza kuonjeshwa yogati isiyo na sukari kama sehemu ya chakula, lakini isichukue nafasi ya ziwa la mama. Asali asipewe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Na mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, si vitu vitamu vya baridi.

NENO LA MWISHO

Mtatuuliza: mbona hamkutaja majina ya maduka? Hatukuyataja kwa sababu duka safi mwezi huu laweza kuwa chafu mwezi ujao, na lililoshindwa laweza kujirekebisha. Jina hupitwa na wakati, kipimo hakipitwi. Mwenye maswali matano na vijiko viwili vya majaribio atalipata duka bora popote alipo, awe Moshi, Same au Rombo.

Kitu kitamu si adui wa afya. Watoto wana haki ya kufurahi siku ya joto, na mwenzetu naye pia. Tunachoomba ni kwamba kile tunachowapa kwa upendo kisiwalaze kitandani kesho yake.

Tukutane tena mwezi ujao.