Kabla ya Kusoma Takwimu za Saratani, Uliza Umri

Wapo wanaoamini kwamba saratani ni ugonjwa wa nchi tajiri, na takwimu huonekana kuwaunga mkono. Gawanya wagonjwa wapya wa mwaka kwa idadi ya watu wote, na Japani itaiacha Tanzania mbali sana. Hesabu hiyo ni sahihi. Kinachopotosha ni tafsiri yake, na upotoshaji huo unawaumiza akina mama.

Saratani nyingi huongezeka kwa kasi kadiri umri unavyosonga. Mwaka 1954, Peter Armitage na Richard Doll wa Uingereza walionyesha kwamba vifo vya saratani kadhaa hupanda takriban kwa kipeo cha sita cha umri: umri ukiwa maradufu, hatari huongezeka zaidi ya mara 60. Walieleza kwamba seli hupitia mabadiliko kadhaa, moja baada ya jingine, kabla ya kuwa saratani, na hayo huchukua miaka. Sasa, Japani zaidi ya robo ya watu wamefikisha miaka 65. Tanzania hawafiki mmoja kati ya 20, na karibu nusu ya wananchi wako chini ya miaka 18.

Ili kulinganisha kwa haki, wataalamu hukokotoa kiwango cha kila rika, kisha hutumia mgawanyo mmoja wa umri kwa nchi zote. Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, kiwango ghafi cha Tanzania kilikuwa takriban wagonjwa wapya 34 kwa kila wanawake 100,000. Kikirekebishwa kwa umri kinapita 60, miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Kwa Japani, marekebisho hayohayo hukishusha kiwango. Mamilioni ya wasichana wadogo, ambao bado hawajafika umri wa kuugua, ndio walioficha ukubwa wa janga linalowakumba mama zao.

Hata hivyo kiwango ghafi hakitupwi. Anayepanga vitanda na dawa anahitaji idadi halisi ya wagonjwa, na idadi hiyo itapanda jinsi wananchi wanavyoishi zaidi, hata kama hatari ya kila rika haitabadilika.

Kwa saratani hii tuna nafasi ya kuipunguza hatari yenyewe. Husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho wengi hukipata ujanani, miaka mingi kabla ya uvimbe kujitokeza. Chanjo hutolewa Tanzania nzima tangu 2018. Mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, mpeleke akachanjwe; nawe mama uliyefikisha miaka 30, nenda ukapimwe hata kama hujisikii vibaya.