Mota ya Waipa Mbele ya Mkaguzi wa Roboti

Kwa mwanafunzi wa Kericho anayeunda roboti, mota ya waipa iliyong'olewa kwenye matatu mbovu ni mali. Inatumia volti 12, na gia ya skrubu iliyo ndani yake hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Lakini je, mkaguzi wa mashindano ataipitisha?

Inategemea shindano lenyewe. Katika FIRST Robotics Competition, lililoanzishwa Marekani na Dean Kamen, kanuni kwa miaka mingi zimetaja mota zinazoruhusiwa, zikiwemo za waipa, madirisha na viti vya magari. Katika mashindano ya VEX V5, mota hiyohiyo haipiti, kwa kuwa roboti huendeshwa na mota za mfumo huo pekee.

Ugumu huanza ukishika bisibisi. FIRST hukataza kuibadilisha mota, kisha hutaja yanayosameheka: kufupisha nyaya, kurekebisha shafti ili ishike gia, hata kutoa pini za kufungia kwenye mota za madirisha. Na kutoboa kasha ili roboti ipungue uzito? Kanuni zenyewe zimeeleza kwamba ruhusa ya kurekebisha sehemu za mota ni ya kusaidia kufunga mota mahali pake, si ya kupunguza uzito kwa kudhoofisha umbo lake. Ndiyo maana namwomba kila mwalimu asome kusudi la kanuni pamoja na maneno yake.

Katazo la kuibadilisha mota nalo limesimama juu ya fizikia. Mota ya sumaku na brashi ina nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha inapozuiwa isigeuke, na kasi kubwa zaidi isipobeba kitu. Wati zake hufika kilele katikati, karibu na nusu ya kasi hiyo. Chukua CIM, mota maarufu ya FIRST: nguvu yake ikizuiwa ni nyutoni-mita 2.42, na kasi yake bila mzigo ni takriban mizunguko 5,330 kwa dakika. Geuza kasi iwe radiani kwa sekunde, zidisha, gawa kwa 4, upate wati 337 hivi. Gia hubadilisha kasi kwa nguvu tu. Haiongezi hata wati moja. Kusuka upya koili huweza kuziongeza. Hapo unaona kwa nini gia huruhusiwa na koili haziguswi.

VEX ilichukua hatua ninayoipenda: kuanzia msimu wa 2023/2024 ilijumlisha wati badala ya kuhesabu mota tu. Kikomo ni 88. Unaweza kutumia mota 8 za wati 11, au 6 za wati 11 pamoja na 4 za wati 5.5.

Shule za Kericho na Bomet zikiandaa mashindano yao, ningependa zifuate njia hiyo, maana mota za gereji hazina lebo inayoaminika. Wati zinapimika kwa uzi na mzigo. Kilo 5 za majani ya chai zikipanda mita 1 kwa sekunde 5, mota imetoa karibu wati 10. Rudia kwa mizigo tofauti, betri ileile yenye chaji kamili, na uandike kipimo kikubwa zaidi kwenye mota kwa rangi isiyofutika.